Jino lilitoka, ganzi ikabaki: mwaka wa pili huu nusu ya kidevu siisikii, lakini inaniunguza

Fundi Pini

Wakuu habari za jioni. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka, leo naomba nilete langu. Uzi ni mrefu kidogo, asiye na muda apite salama.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke, nipo Morogoro. Mwaka jana gego la mwisho la chini kushoto lilianza kunisumbua. Lilikuwa limelala ubavu, nusu limefunikwa na fizi, kila mwezi linavimba. Nikaenda kung'oa. Picha haikupigwa, niliambiwa ni jino la kawaida tu. Kazi ilichukua karibu saa nzima, na katikati nilisikia shoti imepita kutoka kwenye taya hadi mdomoni, nikaruka kwenye kiti. Nikaongezwa sindano ya ganzi, kazi ikaendelea. Nikaambiwa nikiondoka ganzi itaisha baada ya saa tatu au nne.

Jioni haikuisha. Kesho yake haikuisha. Leo ni mwaka na miezi miwili, haijaisha.

Mdomo wa chini upande wa kushoto, kidevu upande huohuo na fizi ya mbele, vyote vimekufa ganzi. Mdomo unatembea vizuri, naongea, nacheka, ukiniona huwezi kujua. Ila sisi mafundi pini tunazishika kwa midomo. Wiki ya pili baada ya kung'oa nilikuwa nampima mteja gauni la sendofu, akaniona kwenye kioo akasema, "Dada, unatoka damu." Pini ilikuwa imeingia kwenye mdomo, nami sina habari. Chai imeshaniunguza mara mbili. Nikila, mwanangu wa miaka sita ananiashiria kwa kidole: "Mama, wali." Punje imekaa kidevuni, siijui.

Ganzi peke yake ningeivumilia. Mwezi wa pili yakaja maumivu, na yamekaa palepale penye ganzi. Hapo ndipo watu hawanielewi. Panafukuta kama nimepakwa pilipili kichaa, halafu mara mojamoja panachoma kama sindano. Upepo wa bodaboda ukinipiga upande ule natamani kushuka. Ncha ya ushungi ikinigusa napandisha mabega bila kutaka.

Nilirudi kulalamika, likang'olewa jino la jirani. Maumivu palepale. Nikaenda kwingine, likatoka la tatu. Diklofenaki nimekunywa hadi tumbo likaanza kuuma. Sasa naogopa hata kupita mtaa wenye kibao cha meno.

Swali langu: kuna mtu limemkuta? Na ganzi na maumivu vinakaaje nyumba moja?

Ngosha wa Ziwani

Pole sana dada. Naweka kigoda hapa nasubiri wajuzi.

Mzee wa Kashata

Hapo umepigwa upepo. Marehemu babu yetu alikuwa anachua kwa mafuta ya mbono yaliyopashwa moto, siku saba mdomo unarudi.

Jitu la Miraba Minne

Mwaka mzima kidevu? Dada punguza mawazo, kunywa maji mengi, lala mapema. Maumivu mengine tunayatengeneza kichwani.

Fundi Pini

@Jitu la Miraba Minne maji nanywa. Kulala mapema ndiko ninakokutafuta, usiku ndio panawaka zaidi.

Tabibu wa Zamu

Simtibu mtu kupitia simu, hilo tuliweke wazi, ila swali lako zuri nitalijibu.

Kwanza kwa Mzee wa Kashata, kwa heshima zote. Kinachoitwa kupigwa upepo ni ile hali ya uso kupinda: mdomo unaenda upande, jicho halifumbi, chai inamwagika. Pale imeguswa neva ya saba, inayosukuma misuli ya uso. Fundi Pini anasema mdomo unatembea vizuri, kilichopotea ni hisia. Hisia za uso hubebwa na neva ya tano, trijemino. Ina matawi matatu kila upande: la kwanza linashika paji la uso na jicho, la pili shavu, ubavu wa pua, mdomo wa juu na meno ya juu, la tatu taya, meno ya chini, mdomo wa chini na kidevu. Ukimchua mafuta mtu ambaye ngozi yake haisikii, utamuunguza, mwenyewe hajui.

Tawi la tatu lina kijitawi kinachopita ndani ya mfupa wa taya la chini, kwenye kimfereji, chini ya mizizi ya magego. Kinatokea kwenye tundu dogo usawa wa kidevu, kinaishia kwenye ngozi na mdomo. Kwa baadhi ya watu mizizi ya gego la mwisho inagusana kabisa na mfereji ule. Ndiyo maana gego lililolala hupigwa eksirei ya taya zima kabla halijaguswa. Daktari anatazama kama mstari mweupe wa mfereji umekatika mahali unapopitana na mzizi, au mfereji umepinda. Akiona hivyo anaweza kuamua kukata kichwa cha jino tu na kuiacha mizizi mfupani, au akupeleke kwa daktari wa upasuaji wa kinywa na taya.

Wengi wanaopata ganzi ya namna hii hurudi kawaida ndani ya wiki au miezi michache. Inayobaki moja kwa moja ni kwa wachache sana, chini ya mmoja katika mia. Lakini ukiwa wewe ndiye huyo mmoja, hesabu hiyo haikusaidii kitu.

Sasa ganzi na maumivu kukaa nyumba moja. Chukua waya wa umeme uliochunika ukutani. Taa haiwaki, kwa sababu umeme haufiki. Lakini ukiugusa pale ulipochunika unakurusha. Neva iliyojeruhiwa haifikishi habari za pini na wali, ila pale ilipoumia inatuma habari zake yenyewe kwenye ubongo, na ubongo unajua habari za neva ile zinatoka kidevuni, basi unasikia kidevu kinaungua. Kidevu chenyewe hakina shida. Meno yako hayakuwa na shida. Ndiyo maana diklofenaki haikufaa kitu: ile ni dawa ya uvimbe, na hapo hakuna uvimbe.

Kwa hiyo ombi langu moja: USIKUBALI KUNG'OLEWA JINO LINGINE kwa ajili ya maumivu haya. Kila jino linalotoka bila sababu ni jeraha jipya kwenye neva ileile.

Ngosha wa Ziwani

Tabibu umetema madini. Mfano wa waya umeniingia, mimi ni fundi umeme.

Toyo Mstaafu

Mimi wangu ni shavu. Nilikuwa dereva bodaboda, nikagongana na bajaji, mfupa wa chini ya jicho ukavunjika. Nilipotoka wodini nikagundua sehemu ya chini ya jicho, ubavu wa pua, nusu ya mdomo wa juu na meno ya juu ya mbele hayapo. Yapo, lakini hayapo. Nikipiga mswaki naona kama namsafishia mtu mwingine meno.

Mwezi wa tano wakaanza kutembea sisimizi shavuni. Nilidhani ni sisimizi kweli, najipiga makofi mbele za watu. Mwezi wa nane hisia zikarudi, sio zote, kama tisa kwa kumi. Kinyozi akipita pale na wembe bado nasisimka.

Tabibu wa Zamu

Hao sisimizi ni dalili njema, ndio neva inaota. Inakua kwa kadiri ya milimita moja kwa siku, na inakua tu kama njia yake haijakatika kabisa. Ndiyo maana tunasubiri huku tunapima. Kusubiri bila kupima ndiko kunakopoteza watu, maana kama neva imekatika, upasuaji wa kuiunganisha una nafasi nzuri miezi ya mwanzo. Ukishapita mwaka nafasi inakuwa finyu.

Na kuna mambo hayasubiriwi hata siku mbili. Umewekewa jino la bandia la kuchimbiwa kwenye mfupa, au umezibwa mzizi wa jino la chini, na kesho yake ganzi iko palepale? Rudi siku hiyohiyo. Kama chuma au dawa ya kuzibia imeingia kwenye mfereji, kuiondoa mapema ndiyo pona yake.

Mwana wa Likoni

Salaam kutoka Mombasa. Mimi si mgonjwa, ni mamangu mzazi, ila yake naona ni tofauti kidogo na ya huyu dada. Mama hakuwa na ganzi. Yeye alikuwa apigwa na stima. Amekaa vizuri, mara anashika shavu la kulia, macho yamemtoka, asema neno hatoi. Ni sekunde chache, kisha limepita, yuko salama kama kwamba hakuna lililokuwa. Baadaye jingine. Siku mbaya yalikuwa hayahesabiki.

Kilichotuumiza ni udhu. Maji yakigusa shavu, limempiga. Utamkuta amesimama kwenye birika, maji yamo kiganjani, aogopa kuyapeleka usoni, mpaka yamwagike yote aanze tena. Tukasema basi atayamamu, kumbe hata tayamamu ni lazima upanguse uso. Feni tulizima nyumba nzima, na mwaijua Mombasa mwezi wa tatu ilivyo. Magego manne yaling'olewa kabla daktari mmoja kijana kumuuliza swali ambalo wengine hawakuuliza: "Mama, likikupiga lakaa muda gani?" Akasema sekunde. Daktari akasema jino halina desturi hiyo.

Akaandikiwa kabamazepini. Mama alipomsikia mtu wa duka la dawa asema ni dawa ya kifafa, akaitupa. Twaomba, twabembeleza, wiki mbili. Alipokubali, siku ya tatu alikunywa uji bila kushika shavu. Nalilia jikoni, sikumwonyesha.

Tabibu wa Zamu

@Mwana wa Likoni shukrani kwa kuleta hili, ni muhimu watu wajue tofauti. Ya mama ni nyuralijia ya trijemino yenyewe: shoti fupi kuanzia sehemu ya sekunde hadi dakika mbili, upande mmoja, inachokozwa na kitu chepesi kama upepo, mswaki, kutafuna, kuongea. Huwapata zaidi wanawake na zaidi baada ya miaka 50. Mara nyingi mshipa wa damu umeilalia neva karibu na inapotokea kwenye ubongo, unaidundadunda mpaka ngozi yake ya nje inachunika. Kabamazepini ndiyo dawa ya kwanza tangu miaka ya 1960, na kweli ilianza kama dawa ya kifafa. Kazi yake ni kutuliza neva inayorusha cheche ovyo, iwe ya kichwani au ya shavuni.

Ina masharti, na nayasema kwa sababu humu watu wataenda kununua leo usiku. Inaanzwa kidogokidogo, inapandishwa taratibu, na haikatizwi ghafla. Inalewesha na kupepesusha, kwa hiyo ngazi na pikipiki tahadhari. Inataka vipimo vya damu, maana inaweza kushusha chembe nyeupe na chumvi ya sodiamu. Ukiona vipele vinasambaa mwilini au malengelenge mdomoni, hilo sio la kusubiri kliniki, nenda siku hiyohiyo na dawa yako mkononi.

Mwana wa Likoni

Ya vipele sikuwa nayajua. Nampigia mama sasa hivi. Pia walitutajia upasuaji, kufungua nyuma ya sikio na kutenganisha mshipa na neva kwa kuweka kijipande cha Teflon katikati. Mama ana miaka 71, amesema atatosheka na vidonge.

Tabibu wa Zamu

Ni upasuaji wa kweli, umefanywa miongo mingi. Daktari Mmarekani Peter Jannetta ndiye aliyeueneza. Ila unamfaa mtu ambaye neva yake imelaliwa na mshipa. Kwa Fundi Pini hakuna mshipa wa kutenganisha, neva imejeruhiwa ndani ya taya.

Naomba Nisitajwe

Tabibu, kama mtu yuko kwenye ARV anaweza kutumia hiyo kabamazepini? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

Tabibu wa Zamu

Mwambie rafiki amefanya vizuri kuuliza. Kabamazepini inalifanya ini lisage dawa nyingine haraka, ikiwemo dolutegraviri iliyomo kwenye TLD, kile kidonge cha ARV wanachomeza wengi. Maana yake ARV inapungua mwilini na virusi vinaweza kupanda, mtu anameza kila siku na hajui. Kliniki yake ya dawa ikijua mapema ina namna ya kurekebisha, au daktari atachagua dawa nyingine ya neva. Asifiche upande wowote. Na akina dada mlio kwenye vidonge vya uzazi au vijiti vya mkononi, nanyi semeni. Inavipunguzia nguvu.

Naomba Nisitajwe

Rafiki anashukuru.

Bibi wa Wajukuu Tisa

Wanangu, mjukuu ananiandikia haya. Mimi yangu ilitokana na mkanda wa jeshi. Ulinitokea paji la uso upande wa kushoto, ukashuka hadi jicho na ncha ya pua. Watu walisema nimepitiwa na buibui usingizini. Nikapakwa hiki, nikapakwa kile, siku ya nane ndiyo nikafika hospitali. Vidonda vilipona, maumivu yakabaki, mwaka wa nne huu. Kuchana nywele upande huo siwezi. Kilemba sifungi, navaa kofia ya mwanangu ya sufu, ndiyo laini. Nimepewa amitriptilini ya usiku, inanisaidia kulala, maumivu yamebaki kama nusu.

Tabibu wa Zamu

Shikamoo bibi. Kwa wengine: vipele vya maji vya upande mmoja wa uso sio buibui. Dawa ya virusi, asikloviri, inafaa zaidi ikianza ndani ya saa 72. Na vikitokea ncha ya pua, jicho liko hatarini, maana kijitawi kinachoshika ncha ya pua kinashika na jicho. Bibi, jicho lako lilitazamwa?

Bibi wa Wajukuu Tisa

Marahaba. Lilitazamwa, ninaona.

Ngosha wa Ziwani

Swali la mwisho kutoka kwenye kigoda. Mtu akipata ganzi ya kidevu hajang'oa jino wala hajapata ajali?

Tabibu wa Zamu

Huyo asisubiri. Ganzi ya kidevu iliyokuja yenyewe inaweza kuwa uvimbe unaoikandamiza neva ndani ya mfupa, na wakati mwingine ni saratani iliyotoka sehemu nyingine ya mwili. Kwa mtoto mwenye taya linalovimba haraka na meno yanayolegea, usianze kuyang'oa, mpeleke hospitali kubwa. Kuna saratani ya taya za watoto wa ukanda wetu huu, iliyoelezwa mwaka 1958 na daktari Denis Burkitt aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala. Ikiwahiwa, inatibika kwa dawa. Kisukari nacho huharibu neva, na ukoma bado upo: baka usoni lisilosikia mguso ni la kuonyesha kituo cha afya, na matibabu yake ni bure.

Jitu la Miraba Minne

Nimesoma mpaka hapa. Dada Fundi Pini, naomba radhi kwa lile la mawazo.

Fundi Pini

Yamekwisha kaka.

Mzee wa Kashata

Dada mimi ningekuwa wewe ningefungua kesi. Picha hawakupiga!

Fundi Pini

Nimeshaliwaza sana hilo. Kwa sasa nataka kulala usingizi kwanza.

Fundi Pini

MREJESHO. Wakuu, ni miezi minne tangu nilete uzi, naomba radhi kwa kupotea.

Nilikwenda Dar kwa daktari wa upasuaji wa kinywa na taya. Alinifumba macho, akawa ananigusa kwa pamba, kisha kwa ncha ya sindano, kisha kwa ncha mbili za bikari, nami naitika. Nisipoitika, anaweka nukta kwa kalamu ya wino kidevuni. Mwisho akaunganisha nukta, akanipa kioo. Jamani, ile ramani ya kitu nilichokuwa nakieleza kwa mwaka mzima ilikuwa imechorwa usoni mwangu, ina mpaka kabisa. Nilikaa nayo mpaka nyumbani, sikuifuta. Mume wangu akaitazama akasema, "Kumbe ni hapa tu?" Nikamwambia ndiyo, ni hapa tu.

Picha imeonyesha mfereji umeguswa. Anasema haionekani kukatika kabisa, na upasuaji wa kuunganisha kwa muda huu uliopita hanishauri. Nikaanzishiwa amitriptilini, miligramu 10 usiku, baada ya muda 25. Dada wa dukani akanitazama mara mbili, "hizi si za sonona?" Nikamjibu na neva pia. Wiki ya kwanza nilikuwa kama mlevi, nilishona mikono ya sare ya shule nje ndani, seti nzima. Mdomo unakauka, nanywa maji (Jitu umepata ulichotaka). Nilikaribia kuacha. Wiki ya tano ndiyo nikagundua nimelala mpaka alfajiri.

Haijapona. Pilipili bado ipo, ila imekuwa pilipili ya kawaida, sio kichaa. Juzi alichora tena, mpaka umerudi nyuma kama upana wa kidole upande wa shavu. Katikati ya kidevu ni palepale, na ameniambia bila kuzunguka kwamba huenda patabaki hivyo. Meno mawili ya jirani niliyong'olewa yalikuwa mazima. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ganzi yenyewe.

Vitu vidogo vilivyonisaidia: chai naijaribu kwanza na mdomo wa kulia. Kioo kidogo kiko mezani nikila. Kwenye bodaboda nafunga mtandio mpana uliobana, maana kitu kinachokandamiza napata nafuu, kinachopeperuka ndicho kinachonichoma.

Toyo Mstaafu

Upana wa kidole sio mchezo. Hongera dada. Na pini sasa unazishika wapi?

Fundi Pini

Nimeshona kimto kidogo cha lastiki, navaa mkononi kama saa. Ila nisikudanganye, mteja akiwa na haraka najikuta nimeshika tatu mdomoni. Upande wa kulia.